Maboga kwa Sikukuu ya Wamarekani

Mume wangu alikuwa fundi wa mkate, tena fundi mzuri. Hilo sitalikana hata nikiwa na hasira. Katika miaka ya hamsini alifanya kazi kwenye bulanjeri, duka la mkate, ya Mbelgiji mmoja, pale Élisabethville, mahali ambapo mji wa wazungu ulikwisha na barabara ya kwetu Katuba ikaanza. Wazungu walinunua mkate kwa kuingia mlangoni. Sisi tulinunua dirishani, upande wa uani, na mkate tuliouziwa ulikuwa wa jana. Mkate huo huo mume wangu ndiye aliyeukanda, akautia tanuri, akautoa. Siku akitaka kuupeleka nyumbani, yeye pia alizunguka nje akapanga foleni dirishani. "Ni sheria ya nyumba," alisema, utadhani nyumba ni yake.

Wakati huo alikuwa anatafuta karte. Serikali iliwapa Waafrika wachache karte ya kuthibitisha kwamba wamestaarabika, na kabla ya kukupa walituma watu kukukagua nyumbani: wanatazama kama kitanda kina shuka, kama mke anakula mezani na mumewe, kama kuna uma na visu. Kwa hiyo tulikuwa na uma nne. Kila Jumapili baada ya misa nililazimika kula bukari, ugali wetu, kwa uma. Asiyewahi kujaribu ajaribu. Bukari inang'ang'ania chuma, mchuzi unakuchuruzikia kidevuni, na mume wako amekaa mbele yako anatafuna kinywa kimefungwa, macho ukutani, kama mtu anayepigwa picha.

Basi mwezi wa kumi na moja ulipoanza, mama mmoja wa misioni ya Wamarekani aliingia pale bulanjeri. Alitaka tarti kumi na mbili za maboga, yaani pai tamu, kwa ajili ya sikukuu yao, Alhamisi ya mwisho wa mwezi. Patroni, yule Mbelgiji mwenye duka, alicheka. Alimwambia kwamba kwao maboga wanapewa nguruwe. Yule mama hakucheka. Alimpa karatasi yenye maelezo, akaenda zake. Jioni mume wangu alinisimulia habari hizo kama vile ametumwa na malaika.

"Ni sikukuu ya kushukuru," alisema. "Banashukuru Mungu juu ya mavuno."

"Mavuno gani mu mwezi wa kumi na moja? Siye ndiyo kwanza tunapanda."

"Kwao iko mavuno."

"Basi bakashukurie kwao."

Alikuwa na jambo lingine la kuniambia na hakujua aanzie wapi. Mwishowe alilisema akiwa amenipa mgongo, anavua viatu. Amemwambia patroni kwamba maboga yapo, mke wake anayo.

Ni kweli nilikuwa nayo. Yalikuwa matano, yenye ganda gumu, niliyoyaweka juu ya dari ya jiko tangu mwezi wa nne. Yalikuwa yangu, nililima mwenyewe kwenye kiwanja nyuma ya nyumba, na niliyatunza kwa ajili ya mbegu. Yeye hakuwahi hata kuyagusa. Alikuwa akisema yanafanya jiko lifanane na kibanda cha kijijini na kwamba wakaguzi wakija watatuona washenzi. Sasa ghafla maboga ya kishenzi yamekuwa mali ya familia.

Patroni hakutaka yachemshwe ndani. Alisema harufu itaingia kwenye mikate ya siagi. Kwa hiyo mimi, mke wa fundi mkuu, niliitwa kufanya kazi uani kwa siku mbili, Jumanne na Jumatano, na mbabula yangu mwenyewe, jiko la makaa, na sufuria yangu mwenyewe. Mvua ilikuwa inanyesha na kukatika, inanyesha na kukatika. Kila ilipoanza niliburuta mbabula chini ya bati, moshi wa makala ukanijaa machoni, na kila ilipokatika patroni alichungulia na kuniambia nitoke chini ya bati, moshi unachafua ukuta.

Nilipopasua maboga, mawili yalikuwa yameoza ndani. Mume wangu alitoka kutazama, akashika kichwa.

"Matatu hayatatosha tarti kumi na mbili," alisema. "Tumekufa."

"Nani anakufa? Niletee viazi vitamu."

"Utachanganya na viazi? Ule mama anasema maboga."

"Ule mama hajui ladha ya boga langu. Lete viazi."

Alileta. Alikwenda sokoni mwenyewe, na aproni yake nyeupe, mbio. Nilichemsha viazi, nikaviponda pamoja na maboga mpaka rangi ikawa moja, nikatia sukari, maziwa, mayai na mdalasini kama karatasi ilivyosema. Sehemu tatu za viazi, sehemu moja ya boga. Patroni alikuja na kijiko kidogo, akaonja, akafumba macho.

"Unaona?" alimwambia mume wangu. "Ni kujua kuchagua boga."

Mimi nilikuwa nimechutama palepale, mwiko mkononi. Baadaye nilimsikia patroni kwa masikio yangu akimwambia mteja mmoja, bibi wa Kibelgiji mwenye mbwa, kwamba maboga ameyapata kwa rafiki yake mwenye shamba huko Kipushi. Nilifurahi. Uongo wake ulikuwa mkubwa kuliko wangu.

Jumatano mchana mama wa misioni alikuja kuona kazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na kofia ya majani iliyolowa. Alizungumza Kiswahili cha vitabu, safi kuliko chetu, na polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

"Mama, kazi yenu ni njema sana," aliniambia. "Kesho mje, ninyi wawili, tushukuru pamoja."

Mume wangu alimshukuru mara tatu. Alipoondoka, alinigeukia uso unang'aa.

"Umesikia? Banatualika. Ku meza ya bazungu!"

Padri wetu angejua kwamba tunakwenda kula kwa Waprotestanti angetunyima komunyo mpaka Pasaka. Nilimkumbusha. Alisema padri hatajua. Mtu ambaye hakuthubutu kuchukua mkate wake mwenyewe kupitia mlangoni, sasa alikuwa tayari kumdanganya padri kwa ajili ya kiti cha Wamarekani. Alikwenda kuazima koti kwa shemeji yangu, likambana mabegani. Mimi alinikataza kikwembe, kitenge changu cha sikukuu. Nilivaa robe ya madukani, gauni la kizungu lililonikaba kwapani, na viatu vilivyokuwa na maoni yao wenyewe kuhusu miguu yangu. Asubuhi nzima alijifunza maneno ya Kifaransa mbele ya kioo, akiinamisha kichwa, akikiinua.

Adhuhuri ya Alhamisi gari la bulanjeri lilitupeleka, tumekaa nyuma, tarti magotini. Pale misioni meza ndefu ilikuwa imetandikwa barazani, kitambaa cheupe, na wazungu ishirini hivi walikuwa wamekwisha kukaa. Patroni na mkewe walikuwa miongoni mwao. Katikati kulikuwa na batamzinga aliyekauka mpaka akapasuka. Tuliziweka tarti juu ya meza ya pembeni. Nilitafuta kwa macho viti viwili vitupu. Havikuwapo.

"Simameni hapa, wapendwa," alisema yule mama, akituonyesha karibu na tarti. "Hapa mtaona vizuri."

Mume wangu alisimama alipoonyeshwa. Hata alitabasamu.

Desturi yao ni kwamba kila mtu aseme anashukuru nini. Mmoja alishukuru mvua. Bibi mmoja alishukuru barua ya dada yake. Patroni alishukuru kupata wafanyakazi watiifu, na watu wakamtazama mume wangu kwa upole, kama wanavyotazama ng'ombe mnene. Kisha yule mama akamwomba naye aseme.

Alisema kwa Kifaransa, na alisema kirefu. Alimshukuru mfalme. Alimshukuru patroni, na mke wa patroni. Aliishukuru misioni, ingawa ni Mkatoliki. Alishukuru ustaarabu, alishukuru unga uliotoka ng'ambo, na Mungu ni shahidi wangu, alilishukuru tanuri. Mimi nilikuwa nimesimama mkono wake wa kushoto, vidole vimebabuka kwa mvuke wa siku mbili. Nilingoja. Alimaliza, akainamisha kichwa kama alivyofanya mbele ya kioo, na wazungu wakapiga makofi.

"Na wewe, mama?" yule mama aliniuliza kwa Kiswahili. "Unashukuru nini?"

Sikuwa nimepanga neno lolote.

"Miguu inaniuma, mama," nilisema. "Munikalishe kwanza. Halafu nitashukuru."

Waliojua Kiswahili walisikia, na wasiojua waliuliza wenzao. Shingo ya yule mama ikawa nyekundu. Mume wangu alinong'ona kwa ghadhabu, "Unafanya nini?" lakini midomo yake ilibaki inatabasamu. Kisha yule mama akainuka, akakivuta kiti chake mwenyewe, akaniambia, "Kaa." Nikakaa. Lilikuwa kosa lake na alilijua, na sitasema kwamba hakuwa na moyo. Lakini ilikuwa imebidi aombwe. Mume wangu alibaki amesimama nyuma yangu. Hakuna aliyempa kiti, naye hakuomba.

Waliniletea kipande cha tarti. Watu wote walikuwa wananitazama, kwa hiyo nikala. Ilikuwa tamu mno, tamu ya kuchosha.

"Sasa nashukuru viazi," nilisema.

Wamarekani walicheka kwa furaha, walidhani ni maneno ya unyenyekevu ya watu wa shamba. Patroni hakucheka. Alikitazama kipande kilichokuwa mbele yake, akakigeuza kwa uma, akala hata hivyo. Angefanya nini? Alikwisha kutangaza lile shamba la Kipushi.

Tulirudi Katuba kwa miguu, gari halikutungoja. Mvua ilikuwa imeacha. Koti la shemeji lilikuwa limechanika mshono begani na mume wangu alilibeba mkononi. Tulikuwa karibu na nyumbani alipoanza.

"Umeniaibisha," alisema.

"Mimi ndiye? Ulishukuru mpaka tanuri."

Alilihamishia koti mkono wa pili.

"Niliogopa bangecheka. Ningesema ni maboga ya mke wangu, bangecheka."

"Balikuwa banayakula!"

Siku tisa tulikaa nyumba moja bila kuongea ila kwa kupitia watoto. Nilimdharau siku hizo kuliko nilivyowahi kumdharau mtu, na bado nilimpikia, na bado alikula, kwa mkono, Jumapili pia. Karte aliipata mwaka uliofuata, mwezi wa nane. Aliitia kwenye fremu.

Mwezi wa kumi na moja wa mwaka huo agizo la Wamarekani lilikuja tena. Nilimwambia mume wangu kwamba safari hii sina boga wala kiazi, na hakunibembeleza. Patroni alitafuta maboga ya mikebe, akayapata kwa Mgiriki mmoja mjini. Mume wangu alisema tarti zilitoka na rangi ya kijivu, zikaachia maji pembeni, na yeye mwenyewe angeona haya kumpa mtu. Wamarekani walizila zote, wakatuma salamu kwamba zilikuwa bora kuliko za mwaka jana.