Taa za Jua Kwenye Asumini ya Mama

Mama yangu alianguka bustanini kwake Pongwe, jioni moja baada ya swala ya magharibi, akiwa na asumini kwenye upindo wa kanga. Hakuvunjika. Aliteguka kifundo cha mguu na kuchubuka kiwiko, na kilichomuuma zaidi, kwa maneno yake mwenyewe, ni maua yaliyomwagika. Lakini dada yangu mkubwa, anayeishi Dar es Salaam, alinipigia simu akiwa ameshaamua.

"Mama hawezi kukaa peke yake tena. Nakuja kumchukua. Na wewe usinibishie."

Kubisha ndiyo kazi yangu tangu utotoni, kwa hiyo nilibisha. Nilimwambia mama akikaa ghorofani huko kwake, katikati ya kuta na mapazia, hatamaliza mwaka na akili yake timamu. Bustani ile si kubwa. Kuna asumini, mirehani, mlangilangi mmoja pembeni, na kijia cha udongo kinachopita katikati. Humo ndimo mama anamopata maua ya kutungia vikuba, vile vishada vya harufu ambavyo wanawake wa kwetu huvichomeka nguoni au kwenye nywele siku ya arusi. Hakuna bibi arusi wa mtaa ule aliyetoka bila kikuba cha mama. Ukimwondoa hapo umemwachia nini?

"Sawa," dada akasema. "Macho yake jua likizama hayaoni. Utakuja kumshika mkono kila jioni?"

Nisingeweza. Naishi Mabawa, mjini, na kazini hutoka jua likishazama. Kumwambia mama achume mchana nako ni kujisumbua. Asumini huchumwa jua likishapoa, kitumba kimenona lakini hakijachanua, ili kije kuchanulia kifuani kwa mtu. Tochi haimfai kwa kuwa mkono mmoja hushika tawi na wa pili huchuma. Waya wa umeme bustanini hataki hata kuusikia.

"Nitaweka taa za jua," nikasema, kabla sijajua hizo taa zinafananaje.

Nilikwenda kuzitafuta madukani Ngamiani. Muuzaji alikuwa mwanamke wa rika langu, baibui nadhifu, ulimi mwepesi. Alinitolea taa za kila namna mpaka meza ikajaa. Kwanza ile kubwa ya ukutani yenye rimoti, ambayo aliisifu kama anamposea mtu binti. Niliikataa. Mwanga ule ungempiga mama usoni, na mwenye macho mabovu ukimmulika usoni ndiyo umemmaliza. Ikaja nyingine inayowaka mtu akipita. Nayo nikaikataa, maana mama akichuma husimama kimya pahala pamoja muda mrefu. Taa ingedhani ameondoka, ikazima.

"Shoga, wewe unataka taa au unataka mchumba?" akaniuliza.

Tulicheka, na baada ya hapo tukaelewana. Nilimweleza kwamba mama anahitaji kuona anapokanyaga, basi. Akanitolea vitaa vifupi vya kuchomeka ardhini, vinavyomwaga mwanga chini. Vya bati la kung'aa vilikuwa vizuri zaidi kwa sura, lakini chumvi ya pwani naijua, ingevila vyote. Nikachukua vya plastiki nzito, vyenye mpira wa kuzuia maji, kioo cha kunasia jua kipana kiasi, na betri ambayo ikichoka unaitoa na kuweka nyingine. Bei yake ilikuwa ya mtu kama mimi.

Kabla ya kulipa nikataka kuona vinavyowaka. Yule muuzaji akafunika kioo cha juu kwa kiganja, na taa ikawaka palepale, mchana kweupe. Akaondoa kiganja, ikazima. "Ukiificha jua, inajua usiku umeingia," akasema. Mimi ni mtu mzima, nina simu inayonionyesha dunia nzima, lakini nilimwomba arudie.

Niliviweka juani uani kwangu vikajaa, kisha nikavipeleka Pongwe. Mama alikaa kwenye kigoda akinitazama navichomeka kando ya kijia.

"Waya wake uko wapi?"

"Havina waya, mama. Vinakula jua."

"Looh! Na vikishiba?"

"Vinawaka."

Akacheka mpaka akajifuta macho. Lakini magharibi ilipoingia, na vitaa vikawaka bila mtu kuvigusa, hakucheka. Alisimama mlangoni akasema subhanallah. Mimi nilirudi Mabawa kifua mbele.

Jioni zilizofuata mambo yakaharibika. Vitaa vilififia kidogo, kisha vikafifia sana, kisha nikafika na kukuta kiza kitupu, mama ameketi ndani. "Labda vimechoka," akasema taratibu, kama anayevitetea. Dada alikuwa ameshakata tiketi za kurudia, yake na ya mama. Niliwaka kuliko taa zenyewe. Kesho yake nikaingia dukani Ngamiani na mdomo wangu wote.

Muuzaji aliniacha nimalize. "Umeviweka chini ya mti?"

"Vipo kweupe!"

"Umekwenda kuvitazama mchana?"

Hata siku moja. Tangu niviweke, kila mara nilifika Pongwe jua limeshazama. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda adhuhuri ileile.

Nyumba ya mama ni nyumba ya kwetu. Televisheni ina kitambaa chake cha kufuma, friji lina chake, jagi la maji lina kifuniko chenye shanga pembeni, na hata redio iliyokufa zamani imevishwa vizuri kuliko mimi. Kitu cha thamani hakiachwi wazi. Kwa hiyo nilipofika bustanini na kukuta kila kitaa kimevaa kofia, kofia ndogo ya kanga yenye bitana, imezungushiwa uzi mweupe, nilielewa kila kitu kabla sijavua viatu.

Niliinama nikainua ukingo wa kofia moja, nikachungulia. Ndani yake taa ilikuwa inawaka.

Sitaisahau picha ile. Jua la saa saba limesimama utosini, udongo unaunguza, na chini ya kile kipande cha kanga kuna nuru hafifu, imefifia mpaka karibu kufa, lakini inawaka. Ilikuwa imeambiwa ni usiku, ikaamini. Nilikuja na hasira zangu nikazikosa. Nilibaki nimechuchumaa pale, nimeduwaa mbele ya kitu kidogo kiasi kile.

Mama alikuja nyuma yangu akichechemea. "Jua la hapa, mwanangu, lingevipausha. Na kuku hawa hawana adabu. Asubuhi jua likianza kukolea navivika, magharibi navivua."

"Mama, jua ndilo chakula chake."

Akafikiri. Nikaona neno linavyomwingia.

"Kumbe nimevifungisha saumu," akasema. "Na futari nisivipe!"

Tulicheka mpaka jirani akauliza kuna nini. Tukavivua kofia vyote. Mama alizikunja moja moja akaziweka kabatini, maana kazi ya mkono haitupwi.

Dada alifika siku mbili baadaye na begi kubwa tupu la nguo za mama. Hakutaka maneno. Alisema tutakula, tutalala, asubuhi ni basi la Dar es Salaam. Mama alimkaribisha, akamuuliza habari za wajukuu, wala hakubishana naye. Mimi nilikuwa na roho mkononi, kwa sababu siku ile kulikuwa na mawingu tangu asubuhi.

Magharibi ilipoingia, vitaa havikuwaka kwa pamoja. Cha chini ya mlangilangi kilitangulia, kwa kuwa pale kiza huwahi. Kikafuata cha pili, kikafuata kingine, hadi kijia chote kikaonekana. Mama alitandaza upindo wa kanga akashuka. Dada alimnyooshea mkono, mama akaupita. Alitembea peke yake, mguu kwa mguu, na alipofika kwenye asumini macho hakuyatumia tena. Vidole vyake vilikwenda vyenyewe, vikigusa kitumba hiki na kukiacha, vikigusa kile na kukichuma. "Hiki cha kesho," alikuwa akinong'ona. "Hiki cha leo." Mwanga ulikuwa wa miguu tu. Nilimtazama mama yangu kama ninayemwona kwa mara ya kwanza.

Baada ya kuswali isha tukarudi kukaa kizingitini. Mama alikuwa ameacha tawi moja zima bila kulichuma, lile lililoinamia taa ya karibu. Na vitumba vikaanza kuchanua. Huoni kinachosogea, lakini ukikwepesha macho na kurudi, kilichokuwa kimefumba sasa ni ua. Harufu ilikuja baadaye kidogo, ikatufunika sote watatu.

"Kumbe huwa hivi," mama akasema polepole. "Umri wote huu nayaona yakichanua kwenye sinia. Mtini sijapata kuyaona. Kulikuwa na kiza."

Mimi nilikuwa nalia, na siku nyingine ningeona haya.

Dada ndiye aliyesema kwanza. "Mama, mimi nilikuja kukuchukua."

"Najua, mwanangu. Begi nimeliona." Akamshika goti. "Kwako kuna pahala pa kupanda mti?"

"Pana kibaraza tu, mama. Labda kwenye ndoo."

"Ndoo inatosha. Nitakukatia matawi ya asumini. Yakishika, yakatoa maua, niite nije kuyatazama. Kulala, nalala hapa."

Asubuhi nilimsindikiza dada kituoni. Alipanda basi akakaa dirishani, akanipungia mkono. Kwenye kiti cha pili, kile alichomlipia mama, yalikuwepo matawi ya asumini yamefungwa kwa kitambaa kibichi, na dada ameyashikilia yasianguke.