Mama Mkwe Aliyenitoa Kitandani

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi mchana, jua limewaka, na mimi nilikuwa macho. Naanza na saa kwa sababu wengi huniambia niliota. Sikuota.

Nilikuwa peke yangu nyumbani, hapa Kitengela. Kifua kilikuwa kimenibana tangu asubuhi. Nimejisomea vitabu vingi vya tiba bila kufundishwa na mtu, kwa hivyo niliamua ni asidi ya nyama ya jana. Nikanywa maziwa, nikajilaza nisubiri ipungue.

Ndipo mama wa mke wangu akaingia, akaketi kitandani karibu na miguu yangu. Tulikuwa tumemzika miaka sita iliyopita.

Unatujua sisi Wakamba. Mwanamume na mama mkwe wake hawaketi chumba kimoja, sembuse kitanda kimoja. Alipokuwa hai, tukikutana njiani mmoja wetu alikuwa anaacha njia. Basi, niamini, sikuogopa. Niliona haya. Nikainuka, nikaenda sebuleni. Akanifuata, akaketi. Nikatoka uani. Akaja pia, na malapa yake ya bluu, akasimama karibu kuliko adabu inavyoruhusu. Ningefanya nini? Nilifungua geti nikatoka barabarani, na hapo miguu ikakataa.

Jirani yangu, mzee wa Kimaasai, alikuwa akipakia mbuzi kwenye pikapu awapeleke soko la Kisaju. Aliwashusha akanipakia mimi.

"Leo hata vitabu vimekushinda," alisema, na hakuachilia mkono wangu mpaka nikaingizwa hospitalini.

Jioni hiyo nilipasuliwa kifua Nairobi. Mishipa mitatu ya moyo ilikuwa imeziba. Walitoa mshipa mguuni wakaipa damu njia mpya. Daktari aliniambia kwamba ningelala nyumbani saa moja zaidi, hangekuwa na kazi na mimi.

Nilipomsimulia mke wangu, aliuliza kama mama aliongea. Nikasema hapana, hata neno. Alicheka, kisha akalia.

"Huyo ni Mama kabisa. Alijua ukiambiwa utabisha."

Nilipopata nguvu nilienda Makueni, nikaketi kando ya kaburi lake saa nzima. Shemeji zangu walinung'unika kwamba mkwe hafanyi hivyo. Sikuinuka.

Nawe, kifua kikikubana, usijilaze ukisubiri. Amka utafute mtu, kabla aliyekufa hajalazimika kuja.