Sauti ya ile shoo ilikuwa mbovu, sifuti, na mama yangu si kiziwi

Wakuu, nawasalimu nyote, wa mjini na wa migombani.

Ninayoyaandika hapa niliyashuhudia mwenyewe. Atakayesema nimetia chumvi aje dukani kwangu Miembeni, Bukoba mjini, anieleze uso kwa uso. Nauza vitenge, nipo kila siku isipokuwa Jumapili.

Kuna watu wameniomba kistaarabu nifute nilichoandika kwenye grupu letu la mjini kuhusu ile shoo ya bendi. Wengine hawakuwa wastaarabu.

Jibu langu ni lile lile: sifuti. Tena leo naandika kwa kirefu.

Iko hivi.

Mama yangu anakaa Izigo, Muleba. Ni mjane, analima kahawa na ndizi, na ni mwanakwaya wa usharika tangu akiwa msichana. Anaimba sauti ya pili. Kwaya ndiyo maisha yake, hata mgeni akija siku ya mazoezi anaachwa na chai yake mezani.

Ukiacha nyimbo za kanisani, kuna wimbo mmoja tu wa dunia anaoupenda. Ni wa bendi moja kongwe ya dansi kutoka Dar, ule wa mke anayemlalamikia mume aliyekwenda mbali kutafuta kazi. Marehemu baba alikuwa anauweka kwenye redio kaseti Jumapili baada ya ibada, mama anamenya ndizi, wanaimba wote wawili. Kanda ilishakatika, na baba hayupo tena.

Sasa nikasikia bendi ile inakuja Bukoba, live!

Nikamfuata mama Izigo. Nikamkatia tiketi ya VIP, nikamshonea na gauni jipya. Kwanza akagoma, eti mjane mzima wa kanisa anaenda dansi? Nikamwambia mama, wewe utakaa kwenye kiti, hakuna atakayekuinua ucheze. Akakubali haraka mpaka nikacheka.

Shoo ilianza alasiri, kwenye ukumbi mmoja wa bati ambao siutaji. Na mvua ya Bukoba mnaijua.

Wakuu, ile haikuwa sauti. Besi inanguruma mpaka viti vinatetemeka, maiki zinapiga miluzi, mwimbaji tunamwona anafungua mdomo lakini maneno hayaji. Gitaa la solo, ambalo ndilo utamu wa bendi ile, nililiona tu mikononi mwa mpigaji. Juu ya yote hayo, mvua inapiga bati.

Sasa niseme kitu kuhusu sisi Wahaya. Mimi ni Mhaya wa kuzaliwa, kwa hiyo msiniletee maneno. Mhaya akishakaa VIP hawezi kukiri kwamba hajasikia kitu. Atakufa na tai shingoni!

Mbele yetu alikaa mzee mmoja wa suti, mstaafu mwenye heshima zake. Macho kafumba, kichwa anatikisa. Akageuka akatuambia, "This is what we call live music, mama."

Mama akaitikia kwa adabu, kwa Kihaya chetu, "Ee waitu."

Baadaye kidogo mama akaniinamia sikioni.

"Koku, wimbo wetu wataupiga saa ngapi?"

Jamani. Mimi mwenyewe niliutambua kwa sababu tu mwimbaji alipiga magoti, kama anavyofanya kwenye video.

"Mama, ndio wameumaliza sasa hivi."

Akatazama ukumbi. Watu wamesimama, makofi, vigelegele, simu zote juu. Akashika sikio lake la kulia.

Hapo nikapandwa na hasira. Nikaenda moja kwa moja kwa fundi mitambo. Nikamkuta amevaa headphone kubwa, ametulia kabisa.

"Dada, kwangu huku inasikika poa."

Nikamwambia avue hizo headphone asikilize tunachosikia sisi tuliokata tiketi. Hakuvua. MC akaniona nabishana, akachukua maiki: "Kuna dada yangu hapa anataka tupunguze sauti. Tumletee redio ya babu yake?"

Ukumbi mzima ukacheka. Na kwa taarifa yenu, hiyo ndiyo sentensi pekee iliyosikika vizuri siku ile.

Ingekuwa ni hayo tu, ningenuna wiki moja yakaisha. Lakini siku chache baadaye wifi yangu, anayekaa na mama, akanipigia simu. Mama amerudisha joho la kwaya. Kamwambia mwalimu masikio yake yamekwisha, hataki kuwaharibia wenzake kwenye sikukuu ya mavuno.

Nilifunga duka nikaenda Izigo. Mama alikuwa jikoni. Nikasimama uani na wifi, nikamnong'oneza makusudi kwamba mboga ya leo imezidi chumvi.

Kutoka ndani nikasikia: "Mpishi ni mimi! Kama imezidi, usile!"

Nikaingia nacheka. Mama, kiziwi gani wewe? Yeye hakucheka. Nikampeleka kwa daktari, akapimwa, akaambiwa masikio ni mazima. Mama hakuamini. Eti daktari anampa moyo tu, kijana mwenye huruma.

"Ukumbi mzima ulipiga makofi, Koku. Unataka kuniambia ukumbi mzima ulikuwa wa waongo?"

Ndiyo, mama. Hicho ndicho ninachotaka kukuambia. Lakini mimi ni mwanawe, kwake naonekana namliwaza.

Nikarudi mjini kutafuta mashahidi. Yule mzee wa suti nikampata, maana mkewe ni mteja wangu, naye alipita dukani kumchukulia kitenge. Akaangalia huku na huku, akashusha sauti: "Binti yangu, sikuambulia hata neno moja. Nilirudi nyumbani kichwa kinapasuka."

Nikafurahi! Nikamwambia nampigia mama sasa hivi, umwambie hivyo hivyo.

Akaanza kukagua vitenge. "Nitaonekanaje? Nilishaweka status kwamba shoo ilikuwa kali."

Niliowauliza wengine ni hivyo hivyo. Pembeni wanakiri, kwenye simu ya mama yangu hawataki. Ndipo nikaandika kwenye grupu. Mwandaaji wa shoo akanifuata inbox: futa dada, shoo ijayo utakaa VIP bure, wewe na mama yako.

Nikamuuliza, akasikilize nini?

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Ukipigia makofi kitu ambacho hukukisikia, usidhani unajilindia heshima yako peke yako. Pembeni yako kuna mtu anajiona mgonjwa. Mama yangu ameimba maisha yake yote, na leo anaogopa kufungua mdomo kanisani kwa sababu ya makofi yenu.

Sihitaji pole, wala tiketi. Nahitaji uliyekuwepo uandike hapa chini, kwa maneno yako, ulichosikia siku ile. Mstari mmoja unatosha. Mzee wa suti, najua na wewe unapita humu. Jina lako silitaji, lakini mama atakujua kwa Kiingereza chako.

Mwalimu wa kwaya hajampa mtu lile joho. Jumapili naenda Izigo na simu yangu. Mama atakuwa jikoni anamenya ndizi, na mimi nitakaa uani, mbali kidogo, nianze kumsomea comment zenu moja baada ya nyingine.

Nitasoma kwa sauti ya chini kabisa. Atasikia zote.