Mume Aliyehesabiwa Nyumba Mbili

Siku moja kule Nambale haijanitoka akilini, mdogo wangu, na kwa kuwa kesho unaanza kuhesabu watu, afadhali nikusimulie sasa.

Nilikuwa na shahada mpya na mdomo mwingi. Kwenye mafunzo nilibishia kila kitu, hadi rangi ya fulana tulizopewa. Kitu kimoja tu sikukitilia shaka: jibu nililopewa mlangoni.

Tulitakiwa kujua wanaume ni wangapi, wanawake wangapi, na nani anaongoza kila nyumba. Nyumba zinazoongozwa na wanawake ndizo zingepewa matangi ya maji kwanza. Mzee wa kijiji aliyenizungusha alikuwa mwanamke, Mama Nafula, mtu wa mwendo wa polepole na macho ya haraka.

Kwa Mama Nekesa niliuliza mwenye boma ni nani. Akamtaja mumewe, Barasa. Kiti chake kilikuwa sebuleni, kimefunikwa kitambaa safi. Nikaandika. Jioni nikamwonyesha Mama Nafula hesabu yangu: wanaume na wanawake karibu sawa. Nikamwambia kwamba habari za wanawake kuwa wengi hapa ni porojo.

Akaniuliza kama Barasa hayumo pia kwa mke mkubwa, ng'ambo ya barabara. Nikafungua tableti. Alikuwemo. Tulipoendelea kutafuta, hakuwa peke yake aliyeandikwa mara mbili.

"Boss," akasema, "leo umezaa wanaume wengi, na hakuna aliyebeba mimba."

Nikajitetea kwamba wenye nyumba ndio waliosema.

"Ulitaka aseme nini? Mumewe yuko hai. Akijitaja yeye, watu watauliza amemzika lini. Wewe muulize nani alilala hapa. Muulize nani huamua mahindi yauzwe au yabaki."

Msimamizi wangu alisema tuache, tofauti ni ndogo na fomu zinafungwa kesho. Nilikataa. Asubuhi na mapema mimi na Mama Nafula tulikuwa kwa Mama Nekesa. Nikauliza nani alilala pale jana. Yeye na watoto wanne. Na baba yao? Akakitazama kile kiti.

"Alikuja tukipanda," akasema. "Sasa tumeshavuna."

Na mahindi, nani ameamua? Hapo akanishangaa kidogo, akauliza kwani kuna mtu mwingine. Nikafuta jina la Barasa, nikaandika lake. Akaomba nimsomee. Nikamsomea, akaniambia nisome tena.

Siku hiyo nilirudia milango yote niliyoitilia shaka, mguu mmoja ukiwa na malengelenge.

Basi nakusihi: usimlazimishe mama achague kati ya heshima yake na ukweli. Uliza swali ambalo anaweza kulijibu bila kumwaibisha mtu. Namba zikikaa sawa kupita kiasi, rudi. Wakikuambia tofauti ni ndogo, rudi, kwa sababu hiyo tofauti ndogo ina jina na inachota maji mbali.

Mungu akupe macho ya kuona aliyeachwa nje ya hesabu, na ukaidi wa kumwandika. Nenda salama.