Hela Itakuja

Marsiana ni fundi cherehani wa Lipangalala, na kwa miaka minne ndiye aliyetegemewa kusoma maombi ya mkopo katika kundi lao la simu. Hapakuwa na benki wala ofisa. Mwenye shida aliandika ujumbe akataja kiasi anachotaka na namna atakavyorudisha, na mwenye akiba akamkopesha amtakaye. Wengi walisubiri Marsiana aseme kwanza.

Alikuwa na sikio. Aliyeapa kwa Mungu, aliyetaja yatima na mama mgonjwa, aliyeandika "nawaahidi kwa moyo wangu wote", huyo alisumbua kulipa. Aliyeandika "nitavuna Juni, nitauza gunia sita, nitalipa" alilipa. Hakufundishwa na mtu. Alidhulumiwa mara tatu, akaanza kusikiliza. Watu wakanong'ona kwamba ana kitu alichoachiwa na bibi yake.

Januari mwaka jana Stanislaus, mkulima wa mpunga aliyekopa na kulipa kila msimu, aliomba laki tatu za trekta na vibarua. Alimalizia hivi: "Juni ishirini hela itakuja."

Marsiana aliusoma ujumbe huo akiwa amebana pini mdomoni. Akarudi kwenye maombi ya Stanislaus ya miaka ya nyuma. Yote yalisema nitalima, nitavuna, nitalipa. Katika hili hapakuwa na mtu wa kulipa, hela tu. Akampigia.

"Kaka Stanislaus, mbona hukusema utalipa?"

"Nimesema hela itakuja, dada."

"Italetwa na nani?"

"Nimeandika mkono ulivyokwenda. Unaogopa kunipa?"

"Siogopi hela," Marsiana alisema, akamtumia.

Aprili, maji ya masika yalimchukua Stanislaus mchana kweupe, akivuka mfereji alioujua tangu utotoni. Walimpata siku ya tatu. Baada ya mazishi Marsiana alimwambia mjane, Rosemery, kwamba deni limeondoka na mwenyewe, asilifikirie.

Juni ishirini, saa nne asubuhi, laki tatu na faida yake ziliingia kwenye simu ya Marsiana kutoka namba asiyoijua. Akaipigia. Aliyepokea alijitambulisha kuwa Egidius, mdogo wake marehemu, muuza ndizi wa Sanje.

"Kaka alikuja huku Januari," akasema. "Akanikabidhi migomba yake yote ya huku. Niuze ndizi, niweke hela, Juni ishirini nikutumie wewe. Nikamwuliza, siku hiyo wewe utakuwa wapi? Akaangalia mlimani. Na alikuwa mzima, dada. Alikula akaongeza."

"Ilikuwa tarehe ngapi?"

"Tano."

Ujumbe wa kuomba mkopo ulikuwa wa tarehe kumi na mbili.

Marsiana alizitoa zile hela zote kwa wakala akampelekea Rosemery. Mjane alizipokea, akamtazama usoni. "Uliona nini kwenye maneno yake?"

"Sikuona kitu," Marsiana alisema, na sauti yake mwenyewe ikamtisha.

Wiki ile ile alijitoa kwenye kundi. Siku hizi humkopesha tu anayekuja mwenyewe pale kwenye cherehani. Mtu hutaja kiasi, na akitaka kueleza atalipaje, Marsiana hukanyaga cherehani hadi anyamaze, kisha humpa. Wapo waliokimbia na hela zake. Anasema hasara hiyo anaiweza.