Kigingi cha Kogo Tabutany

Leo marehemu amemaliza kazi niliyompangia.

Mnajua mradi wetu wa maji hapa Mogogosiek. Kila boma lilipewa kipande cha mtaro, mimi mwenyekiti nikapiga vigingi vya mipaka.

Jirani yangu, nyanya Kogo Tabutany, akafariki kabla hajaanza kuchimba.

Kigingi chake nilikiacha. Nani ang'oe kigingi cha marehemu? Si mimi.

Injinia wa mradi alikuwa ametuonya: akikuta mtaro haujakamilika leo, mabomba yanapelekwa Sigowet.

Basi asubuhi tukamfikisha kwa Kogo, uongo wetu wa kueleza kwa nini hapajachimbwa ukiwa tayari mdomoni.

Kipande kimechimbwa. Chote. Udongo umetupwa upande wa kushoto, na kwetu mwenye kutumia mkono wa kushoto alikuwa marehemu tu.

Nikamnong'oneza mwanawe, "Ni wewe?"

"Mimi? Si nilidhani ni wewe, chairman!" Akarudi nyuma.

Injinia akafurahi. "Hapa ni kwa nani?"

"Kwa Kogo," mtu akaropoka.

"Hodari! Mradi huu unaisha, lakini programu bado ina miradi miwili. Huyo mama mumpangie tena."

Mabomba yamebaki kwetu.

Sasa wenzangu, nishaurini. Nikimruka Kogo, injinia atauliza.

Nikimpangia, akija je?