Kardani ya Upande wa Dereva

Juzi niliingia duka la vipuri hapa Gisenyi kutafuta kardani, ile shafti ya mbele inayozungusha tairi. Gari langu limezeeka, nikikata kona linalia ka-ka-ka, na mimi, kama unavyonijua, simwamini fundi aninunulie kitu. Muuzaji akauliza ya upande gani. Nikasema ya dereva.

"Usiseme dereva, mama," akacheka. "Dereva wa gari ya Tanzania anaikalaka kuume, wa hapa kushoto. Na kardani hazina urefu moja. Sema kuume ao kushoto."

Nikamwomba arudie, neno kwa neno.

Acha nikueleze. Baba alirudi nchini kutoka Bukoba na gari la usukani wa kulia, na moyo usiomwamini mtu yeyote wa mji huu. Kwake kila fundi alikuwa mwizi aliyevaa ovaroli. Kabla gari halijaingia gereji alitia alama betri na tairi kwa rangi ya kucha ya mama, kisha akaniketisha pale nilinde. Gereji yenyewe ilikuwa ua wa jirani yetu, mzaliwa wa hapa hapa, aliyekuwa akiimba akiwa chini ya gari. Nilipapenda mno. Palinuka grisi na sambaza, vile visamaki vya Kivu ambavyo mkewe alivikaanga hadi vikakauka kau, akatupakulia mimi na binti zake, na pilipili juu.

Kardani ya kulia ilipokwisha, baba alikwenda dukani mwenyewe, nami nikiwa naye. Akamwambia muuzaji kwa Kiswahili chake kilichonyooka, "Nipe ya upande wa dereva." Akamkabidhi fundi boksi likiwa bado limefungwa, akaenda kazini. Nikabaki zamu. Haukupita muda, harufu ya sambaza ikanitoa kwenye kigoda, nikaingia jikoni kula.

Baba aliporudi alikuta gari bado liko juu ya magogo. Fundi akalaza kardani mpya kando ya kuukuu. Mpya ilikuwa fupi, karibu shibiri nzima.

"Patron, hii hapana yake. Iko ya upande ingine. Turudishe tu ku duka."

"Nimenunua mwenyewe!" baba akafoka. "Nimeomba ya dereva, nimepewa ya dereva. Wewe umeibadilisha." Akanigeukia, akauliza kama boksi liliondoka mbele ya macho yangu.

Niliogopa kuchapwa kwa kuacha zamu. Nikasema fundi aliingia nalo ndani.

Fundi akanitazama. "Mutoto, we ulikuwa ku jikoni," akasema taratibu. Lakini baba alikwisha kuanza kumwita mwizi, kwa sauti, mbele ya mkewe na binti zake na wapita njia. Gari likavutwa kwa kamba hadi kwetu. Baba akalisimulia jambo hilo kila alikokwenda, mpaka Rubona, na wateja wakapungua. Kabla mvua hazijaisha, jirani alikuwa amehama na familia yake.

Naona aibu kusema, lakini baadaye niliuamini uongo wangu. Maisha yangu yote nimewatazama mafundi kwa jicho la pembeni kwa sababu ya mtu niliyemzushia mwenyewe.

Kutoka dukani nilikwenda moja kwa moja kwa baba. Nikamweleza yote, ya usukani na ya jikoni. Akasikiliza huku akijisugua goti.

"Sawa," akasema. "Lakini kama hakuiba, mbona alihama?"

Nilitaka kumkasirikia, nikashindwa. Swali hilo nimejiuliza miaka mingi, ili niweze kuishi na nafsi yangu.

Ule ua sasa ni nyumba ya wageni yenye vigae, na hakuna anayeimba pale. Nilizunguka mtaa nikiuliza walikohamia, nipate hata namba ya simu ya binti zake. Mama mmoja anayeuza ndizi, wa umri wangu, akafikiri kidogo.

"Fundi wa pale?" akasema. "Bon, unasema ule mwizi?"